Mgonjwa Asiyeweza Kujisemea: Mwongozo wa Ridhaa na Matibabu ya Dharura kwa Ndugu na Wasindikizaji

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye, usiku au mchana, atajikuta amesimama kwenye mapokezi ya KCMC, Mawenzi, Mount Meru au hospitali nyingine yoyote ya Moshi na Arusha, akiwa amemleta mgonjwa asiyejitambua au anayezungumza maneno yasiyoshikana, huku muuguzi akimuuliza: "Wewe ni nani kwake?" Wengi hudhani kwamba wanaulizwa kama wana mamlaka ya kuruhusu mgonjwa atibiwe, wakababaika, wakaanza kupiga simu kwa wakubwa wa ukoo. Kwa kawaida muuguzi anatafuta jambo jepesi zaidi, nalo ni kujua ni nani hapo anayeweza kueleza habari za mtu huyu.

Ridhaa ya matibabu ni kukubali kwa mgonjwa mwenyewe, baada ya kuelezwa ugonjwa wake, tiba inayopendekezwa, hatari zake na njia nyingine zilizopo, bila kutishwa wala kusukumwa na mtu. Ni haki inayoufuata mwili wake. Anapozimia, haki hiyo hairithiwi na ndugu kama kihamba, shamba la ukoo. Ndugu anabaki kuwa shahidi wa matakwa ya mgonjwa, na daktari anabaki na wajibu wa kuokoa uhai. Ukilielewa hilo tangu mwanzo, hatua zote zinazofuata zitakuwa nyepesi kwako.

Msingi wake upo katika sheria na katika maadili ya utabibu. Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamkinga na jinai mtu anayempasua mgonjwa kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, kwa manufaa ya mgonjwa huyo, endapo upasuaji ulikuwa wa busara ukizingatia hali aliyokuwa nayo. Nao Umoja wa Madaktari Duniani, katika azimio lake la Lisbon la mwaka 1981 kuhusu haki za mgonjwa, kama lilivyorekebishwa mwaka 1995, ulikubali kwamba mgonjwa akiwa hajitambui, hana mwakilishi karibu, na tiba inahitajika upesi, ridhaa yake ichukuliwe kuwa ipo, isipokuwa pale inapokuwa wazi bila shaka yoyote kwamba yeye mwenyewe angekataa.

Hatua ya kwanza: fika hospitali, ukoo utafuata

Mtu aliyeanguka ghafla, aliyegongwa na bodaboda, anayetokwa damu nyingi, anayepumua kwa shida au mwenye degedege lisilokoma hasubiri kikao. Mpeleke kwenye kituo cha karibu kinachoweza kumhudumia, hata kama si kile unachokipenda, kwa sababu barabara ya Moshi hadi Arusha ina takriban kilomita 80 na foleni ya malori haimjui mgonjwa. Akiwa ni mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, au mtoto mchanga, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo ili kutafutiwa usafiri.

Unapotoka nyumbani, chukua vitu vichache tu: simu ya mgonjwa, kitambulisho, kadi ya bima kama anayo, daftari la kliniki, na dawa zote zilizo kando ya kitanda chake, hata zile zilizobaki vidonge viwili kwenye karatasi. Mfuko huo wa dawa umewahi kumweleza daktari mambo mengi kuliko ndugu sita waliosimama mlangoni.

Hatua ya pili: sema ukweli wote mapokezi

Eleza alipatwa na nini, saa ngapi, na alikuwa katika hali gani mara ya mwisho alipoonekana mzima. Taja kisukari, shinikizo la damu, kifafa, ujauzito, mzio wa dawa, upasuaji wa zamani. Taja pia mambo ambayo familia huyaficha: pombe aliyokunywa, dawa ya kienyeji aliyopewa, sumu ya panya iliyokutwa chumbani, vidonge vya kufubaza virusi anavyotumia bila shangazi zake kujua. Kwa mambo ya namna hiyo, mwombe daktari au muuguzi msogee pembeni, umweleze yeye peke yake, kwa maana siri ya mgonjwa haikomi kwa sababu amezimia.

Katika majeraha ya ajali au ya kupigwa utasikia habari ya PF3. Fomu hiyo ya polisi ni ya ushahidi wa kisheria, na ina kazi yake, lakini haizibi mshipa unaovuja. Ikiwa mtu yeyote atakuambia kwamba mgonjwa mahututi asiguswe mpaka fomu ipatikane, omba kwa adabu kuzungumza na daktari wa zamu au muuguzi kiongozi wa zamu, kisha mtume ndugu mmoja kituo cha polisi wakati matibabu yanaendelea.

Hatua ya tatu: jueni kama kweli mgonjwa hana uwezo wa kuamua

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa pande zote mbili za meza. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa uamuzi fulani, kwa wakati fulani. Uingereza, kwa Sheria yake ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005, iliweka mambo manne ya kutazama, nayo yanafaa kutumiwa kama kipimo cha busara mahali popote: je, mgonjwa anaelewa anachoelezwa, anaweza kukishika kichwani muda wa kutosha kuamua, anaweza kupima faida na hasara zake, na anaweza kuufikisha uamuzi wake kwa maneno, maandishi, ishara au hata kwa kufumba macho?

Bibi wa Kimaasai aliyeletwa kutoka Monduli, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, hajakosa uwezo, amekosa mkalimani. Muuguzi atamwita "yeyo", yaani mama, kwa heshima zote, lakini heshima kubwa zaidi ni kumtafutia mtu wa kumfasiria, na ikiwezekana asiwe mjukuu mwenye haraka ya kurudi nyumbani. Kiziwi hali kadhalika. Mzee anayesahau jina la mjukuu wake anaweza bado kujua vizuri kwamba hataki kukatwa kidole. Mtu mwenye ugonjwa wa akili, ambaye nchini kwetu analindwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, anaweza kuamua juu ya upasuaji wa ngiri yake hata kama anatumia dawa za akili kila siku. Na mtu anayekataa tiba ambayo ninyi mngeikubali hajawa punguani kwa kukataa huko. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeshawasikia ndugu wakisema "huyu hana akili sasa" dakika tano baada ya mzee kusema "sitaki", ilhali alipokuwa akikubali kila kitu hakuna aliyeitilia shaka akili yake.

Upande wa pili, kuna watu wanaozungumza vizuri kabisa na uwezo hawana. Sukari iliyoshuka humfanya mtu awe mkali na mbishi, na mara nyingi hurejewa na akili zake dakika chache baada ya kupewa glukosi. Malaria kali, homa kali, upungufu wa oksijeni, jeraha la kichwa na mbege (pombe ya ndizi) nyingi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mwulizeni daktari: je, kinachomnyima uwezo kinaweza kuondolewa upesi? Ikiwa kinaweza, na uamuzi unaweza kusubiri, basi usubiri mpaka mwenyewe aulizwe.

Mfano wa mlimani

Hakuna mahali katika mkoa wa Kilimanjaro ambapo jambo hili huonekana wazi kama mlimani kwenyewe. Mpandaji aliyefika Kibo Hut, mita 4,720, akiwa njiani kwenda kileleni kwenye mita 5,895, anaanza kuumwa kichwa, anatapika, anapepesuka kama mlevi, kisha anasema kwa sauti thabiti: "Niko sawa, nimelipa pesa nyingi, sishuki." Ubongo unaovimba kwa sababu ya mwinuko huharibu kwanza kile kile ambacho mtu angekitumia kutambua kwamba anaumwa. Waongozaji wazoefu humwomba atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Asipoweza, maneno yake hayatoshi tena kuwa uamuzi.

Tiba yake ya kwanza ni kushuka, hata kama ni usiku, pamoja na oksijeni na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, pale zinapokuwepo na mtu anayejua kuzitumia. Mwongozaji anayemshusha mgeni wa namna hiyo kwa machela ya gurudumu moja, wagumu, yaani wapagazi, wakiwa wameishika mbele na nyuma, hamwonei. Anafanya kile ambacho mgeni mwenyewe angekiomba kama angejiona kwa macho ya siku iliyotangulia. Lakini achukue tahadhari tatu: aandike saa, dalili na jibu la mgonjwa, awe na shahidi, hata mgeni mwingine wa kundi hilo, na atumie nguvu kidogo kadiri inavyowezekana. Mkewe aliyeko ng'ambo na kampuni ya bima wajulishwe mapema, ila kushuka kusisubiri jibu lao. Na mgeni anayeumwa kichwa tu, anayejibu vizuri na kutembea sawasawa, huyo bado ni mwenye uamuzi wake: abembelezwe, aelezwe hatari, asiburuzwe.

Hatua ya nne: jua dharura inaruhusu nini na haiwezi kuruhusu nini

Dharura huruhusu kile kinachohitajika sasa ili kuokoa uhai au kuzuia madhara makubwa yasiyorekebishika, basi. Kuingiza mpira wa kupumulia, kuongeza damu, kufungua tumbo lenye utumbo uliotoboka, kutoa damu iliyoganda juu ya ubongo, kumpasua mama ambaye mtoto amekwama: hayo yote yanaweza kufanywa bila sahihi ya mtu yeyote iwapo mgonjwa hawezi kuamua na kuchelewa kungemdhuru.

Haifuati kwamba, kwa kuwa amelala tayari thieta, kila jambo linalofaa lifanyike. Mfano ambao kila familia inapaswa kuujua ni wa kufunga kizazi. Mama aliyepasuliwa kwa dharura akiwa hajitambui ana watoto saba; mume anasema, "Daktari, mfungeni kabisa." Ombi hilo halina nguvu. Uzazi wake hautishii maisha yake katika dakika ile, na akizinduka ataweza kuulizwa mwenyewe. Ikiwa kizazi kinavuja damu isiyozuilika na njia nyingine zimeshindikana, kukitoa ni jambo jingine, na daktari ataandika sababu yake. Kipimo ni kile kile kwa mguu wa mgonjwa wa kisukari: sumu ikiwa imeanza kusambaa mwilini na hajitambui, mguu unaweza kukatwa, jeraha likiweza kusubiri siku mbili mpaka arudiwe na fahamu, lisubiri.

Hatua ya tano: nani azungumze, na aulizwe nini

Miaka kadhaa iliyopita baba yangu mdogo aliletwa hospitali na maumivu makali ya tumbo, akaanza kuweweseka kabla ya kufika. Daktari alisema utumbo umetoboka na apasuliwe usiku ule. Mke wake, waliyeishi pamoja zaidi ya miaka 30, alikuwa amesimama hapo hapo na mfuko wa dawa mkononi. Sisi, kwa akili zetu, tukasema tusubiri baba mkubwa aliyeko Dar es Salaam apokee simu, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Simu haikupokelewa mpaka alfajiri. Baba mdogo alipona, lakini alikaa wodini wiki nyingi kuliko ilivyopasa, na kosa halikuwa la hospitali. Daktari alituomba mara tatu tukamjibu kwa heshima ya uongo. Ninachojilaumu zaidi ni kwamba hakuna aliyemgeukia mama mdogo akamwuliza neno.

Kwa hiyo, chagueni msemaji mmoja, na awe yule anayemjua mgonjwa kwa ukaribu: mke au mume anayeishi naye, mtoto mtu mzima anayemuuguza, mzazi, ndugu wa tumbo moja. Umri na cheo katika ukoo ni mambo ya kikao cha mahari. Kwa mtu mwenye wake wawili, hospitali haiamui nani mkubwa. Inahitaji yule aliyekuwa naye wiki ile. Jirani, mpangaji mwenzake au dereva wa bodaboda aliyemleta anaweza kutoa habari muhimu hata kama hakuna undugu, na asifukuzwe mlangoni kabla hajasikilizwa.

Msemaji asiulizwe, wala asijiulize, "Sisi tunataka nini?" Swali lake ni moja: yeye mwenyewe, kama angeweza kukaa kitandani akatusikiliza, angesema nini? Amewahi kusema lolote alipomuuguza mama yake? Aliogopa nini zaidi, kufa au kuishi akitegemea watu? Imani yake ni ipi, yeye, si ya familia? Majibu ya maswali hayo humsaidia daktari, hasa pale ambapo kuna njia mbili za tiba na zote mbili zinakubalika. Ndugu wakigombana, daktari hapaswi kumpa ushindi mwenye sauti kubwa: atafanya linalomfaa mgonjwa, atamwita afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na ikibidi mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali.

Hatua ya sita: mtoto

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na mzazi au mlezi ana wajibu wa kumpatia matibabu. Ridhaa ya mzazi mmoja inatosha. Mama asiambiwe akamtafute baba kwanza. Sheria hiyo inakataza kumnyima mtoto matibabu kwa sababu ya dini au imani nyingine, hivyo mzazi anayekataa mwanawe aongezewe damu wakati anakufa hatakuwa na neno la mwisho. Kijana wa miaka 16 anayeelewa mambo aelezwe na asikilizwe, hata kama anayesaini ni mzazi.

Moshi na Arusha zimejaa shule za bweni. Unapompeleka mwanao, usisaini fomu ya afya ya shule bila kuisoma: angalia kama inamruhusu matroni au mwalimu kumpeleka hospitali na kukubali matibabu ya haraka usipopatikana, na uandike namba mbili za simu ambazo kweli hupokelewa. Mtoto aliyeokotwa peke yake atibiwe, kisha ustawi wa jamii washughulikie kuwatafuta ndugu zake.

Hatua ya saba: simu na fomu

Ndugu akiwa mbali, ridhaa au maelezo yake yanaweza kuchukuliwa kwa simu. Iwekwe sauti ya nje, wasikilize watumishi wawili wa afya, na jina, uhusiano, namba na saa viandikwe kwenye faili.

Fomu ya ridhaa isomwe kabla ya kusainiwa. Iwe na jina la mgonjwa na jina la tiba. Usiweke dole gumba kwenye nafasi tupu kwa maelezo kwamba "tutajaza baadaye". Uliza mambo matatu: mnataka kufanya nini, msipofanya itakuwaje, na kuna njia nyingine? Sahihi yako haikuhamishii lawama ya upasuaji mbaya, wala haimwondolei daktari wajibu wake. Ikiwa hakuna ndugu kabisa, desturi nzuri ni daktari mwingine kumwona mgonjwa na wote wawili kuandika kwa nini tiba haiwezi kusubiri.

Hatua ya nane: aliyekataa mapema

Baadhi ya watu, hasa Mashahidi wa Yehova, hubeba kadi iliyosainiwa inayosema hawataki damu hata wakizimia. Mtu mzima aliyeandika hivyo akiwa na akili timamu amekwisha kusema, na ndugu wasio wa imani hiyo wasiifiche kadi mfukoni. Nimeambiwa ni ukatili kuandika hivi. Lakini kama tumekubali kwamba mwili ni wake alipokuwa macho, sijui ni saa ngapi ya usiku ulipogeuka kuwa wetu. Kadi ikiwa haijasainiwa, au kuna shaka ya kweli kama bado alishikilia msimamo huo, daktari ataegemea upande wa uhai.

Hatua ya tisa: anapozinduka

Siku mgonjwa anaporudiwa na uwezo wake, kazi ya msemaji inakoma hapo hapo. Aelezwe na daktari, kwa lugha anayoielewa, nini kilifanywa, kwa nini, na nini kimebaki. Tiba inayofuata anaikubali au kuikataa yeye. Ana haki ya kuuliza kilichoandikwa kwenye faili lake. Mkiona alitendewa isivyopasa, anzieni kwa mganga mfawidhi wa hospitali kwa maandishi, mkitaja tarehe na saa. Lalamiko la kitaaluma dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo hufanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Na kama gharama zimewalemea, mwoneni afisa ustawi wa jamii mapema, wakati mgonjwa bado yuko wodini.

Hatua ya kumi: kabla ya yote hayo

Kila Desemba magari hujaa barabara za Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, na familia ambayo mwaka mzima hukutana kwenye simu hukaa uani pamoja. Kabla ya nyama kuiva, mpeni kila mtu mzima karatasi moja aandike mwenyewe jina lake, magonjwa na dawa zake, mzio, namba ya bima, jina la mtu anayetaka aulizwe asipoweza kujisemea, na jambo lolote ambalo hataki kufanyiwa. Asaini, aweke tarehe, mashahidi wawili wasaini. Nakala moja ibaki kwa msemaji wake, nyingine ikunjwe iwekwe pamoja na kitambulisho, na namba ya msemaji huyo iandikwe kwenye skrini ya simu pale inapoonekana bila kufungua nywila.